Koti ya Byukusenge haina kisa

Munisikilize muzuri, juu miye sipendi kurudilia maneno. Wifi yangu Byukusenge, dada mukubwa ya bwana yangu Rukara, anavaaka koti ya wanaume. Koti murefu, ya kijivu, inamufika chini ya magoti. Ku kichwa anatia shapo ya kahawia, ku miguu buti nyeusi za kuchungia ngombe, mu mukono fimbo. Vile njo anaenda ku malisho, vile njo anaenda ku soko, vile njo anaingia mu kanisa siku ya Mungu. Siku ya Pasaka anabadilisha kitu moja tu: anafunga kitambaa nyekundu ku shingo.

Na kama umeshaanza kuwaza kama ni mama muchafu, ao mama mwenye akili ilipotea kidogo, acha hapo hapo. Ile koti anaipiga pasi ya makala kila siku ya posho, juu kesho yake ni siku ya Mungu. Vifungo yake ya plastiki alizitosha zote, akaenda kwa fundi mumoja wa Muheto, akamuchongea zingine mu pembe ya ngombe. Buti anazisafisha na sabuni, kisha anazipakaa siagi kidogo, anasugua na kitambaa, zinaangaza kuliko viatu ya pasteri. Shapo haitii sawa. Anailaza kidogo ku jicho ya kushoto. Akipita ku barabara, hata ule mwenye anamucheka lazima ageuke amuangalie mara ya pili. Hiyo miye nilikuwa naiona tangu zamani. Nilikuwa siisemi tu.

Kwetu Muheto mode, mavalio ya kisasa, inatufikia ku moto, ile pikipiki, pamoja na sabuni na chumvi. Inatoka Goma, inapita Kitshanga, inafika kwetu imeshachoka, na siye tunaipokea na vigelegele. Kulikuwa mwaka wa perike, zile nywele za kununua, zenye zilikuwa zinafika ku kiuno. Kulikuwa mwaka wa pantalo za kupasuka ku magoti, na bibi mumoja jirani yetu alizishona zote za bajukuu yake, akifikiri anabasaidia. Kulikuwa mwaka wa viatu ya kisigino murefu, na munajua mvua ya Masisi. Tulikuwa tunatoka nyumbani na kisigino, tunafika ku matope tunavua, tunabeba viatu mu mukono kama kuku za kuuzisha, tunafika ku mulango ya kanisa tunavaa tena. Byukusenge alikuwa anatupita na buti zake, haraka, muguu kavu, anasema, "Mungu abariki miguu yenu, bamama." Ayi, nilikuwa namuchukia ile siku!

Juu miye sikukuwa nyuma, hapana. Kila mwaka wa mode nilikuwa mbele, hata mu ile matope nilikuwa mbele.

Sasa, bantu ya kwetu banapenda kisa. Ukivaa tofauti, lazima kuwe kitu ilikupata. Balisema bwana yake njo alimuachia ile koti. Uongo: bwana yake alikwenda zamani kule Walikale, akaoa mwingine mu kijiji ya Ntoto, na alikwenda na nguo zake zote mupaka soksi. Balisema aliahidi Mungu. Balisema anaficha kidonda ku mugongo. Mama mumoja wa maombi alikuja kuwekea ile koti mikono, akafunga kula siku tatu juu yake, na siku ya ine koti ilikuwa pale pale ku mabega ya Byukusenge, imepigwa pasi. Kila muntu alikuwa anamuuliza juu ya nini, na kila muntu alikuwa anapata jibu moja.

"Inanipendeza."

Basi, hakuna ingine. Unangojea aendelee, yeye anakuangalia, anangojea weye uende.

Sasa niwaambie namna gani hii koti ilitaka kutuvunja.

Byukusenge alikuwa na mudogo yake, Mukakalisa. Alikufa akiacha mutoto musichana, Uwamwezi, hajaota hata jino. Miye na Rukara tulikuwa tumetoka kuoana, nilikuwa naogopa hata kumubeba. Byukusenge hakuogopa. Alimukamata, akamulea na maziwa ya ngombe yake, kikombe kwa kikombe, mupaka musichana akatembea, akasoma, akapata diplome. Uwamwezi anamuita Mama mukubwa, na hana mama mwingine mu hii dunia.

Mwaka jana Mahoro, kijana wa Kitshanga, mutoto ya Papa Bisengimana mwenye ngombe mingi, akaleta posa. Mahari ikatoka, tarehe ikapangwa. Na kwetu siye bachungaji, siku ya ndoa, mbele ya chakula, mama ya bibi-arusi anasimama mbele ya bantu bote na icyansi, ile chombo ya muti ya kutilia maziwa. Ananywesha bibi-arusi, kisha ananywesha bwana-arusi. Ni dakika mbili tu. Lakini kwa ule mama ni maisha yake yote, juu pale njo bantu banajua: huyu njo alilea huyu. Byukusenge alikuwa anangojea zile dakika mbili tangu Uwamwezi hajatambaa. Alishachagua ngombe, Gaju, ile nyekundu. Alishafukizia icyansi na majani ya kunukia. Hakukuwa anaomba kitu ingine mu ile ndoa. Hata nyama hakuuliza itakuwa ngapi.

Na miye? Miye nilikuwa perezida wa komite ya nguo. Sifichi. Kwetu leo ndoa bila komite ya nguo banasema ni mazishi. Claudette, binamu ya bwana yangu, akafungua telefone yake akatuonyesha foto: bamama makumi mbili mu mishanana ya zahabu, ile nguo ya kufunga ku bega moja, inaangaza mupaka inaumiza macho. Na kitambaa ya kichwa, zahabu vilevile, imefungwa inafunika paji yote.

"Hii njo ya mwaka huu," Claudette akasema. "Goma bote bako ndani."

Kulikuwa mama mumoja wa Goma mwenye anakodisha zile nguo. Tukapiga makofi. Na sheria niliiandika miye, na mukono yangu: mwenye hana nguo ya zahabu hakai na familia, hapewi chakula mbele, haingii mu foto.

Nikaenda kumuambia Byukusenge. Alikuwa anakamua Gaju.

"Wifi, tulikuwekea nguo. Unipe kipimo yako."

"Nguo gani?"

Nikamuonyesha foto. Akafuta mikono ku koti, akaikamata telefone, akaangalia muzuri, muntu kwa muntu.

"Bako bazuri," akasema. "Nani ni nani?"

"Haina maana nani ni nani. Ni familia."

"Na kisha ndoa, mutaziweka wapi?"

"Tutarudisha Goma. Ni za kukodisha."

Akacheka mupaka Gaju akasogeza muguu. "Victorine! Nguo ya kuazima haisitiri matako. Miye nitakuja na yangu."

"Yako gani? Ile koti?"

"Sasa niko na ingine?"

Niliwaka moto. Nilimuambia mambo yote yenye nilikuwa nimeweka mu roho tangu mwaka wa kisigino. "Byukusenge, siku moja! Siku moja tu mu maisha yako yote, fanya kama bantu! Unatuletea haya. Bageni bataona mama ya bibi-arusi anafanana na muchungaji!"

"Niko muchungaji," akasema.

"Basi mwenye hana zahabu hatatoa maziwa. Claudette njo atatoa."

Hapo kicheko ikaisha. Akaweka ndoo chini, polepole, juu hamwagaki maziwa hata akikasirika. Akasimama. Ni murefu, Byukusenge.

"Claudette alimupatia Uwamwezi kikombe gani?" akaniuliza. "Ya lini?"

Akailaza shapo yake tena ku jicho.

"Nitakuja na koti yangu, na nitanywesha mutoto yangu. Munifukuze mbele ya bageni, kama muko na nguvu."

Nikarudi nyumbani nikisema peke yangu mu njia kama kichaa. Rukara akaniambia, "Umuache. Hata papa alimushindwa." Lakini Uwamwezi alikuja kwangu, macho imevimba. Alikuwa amesikia kama mu Kitshanga banasema mama wa koti asitoe maziwa. "Mama Victorine," akasema, "kama si Mama mukubwa, nitakunywa mu mukono ya nani? Unitafutie njia." Nikamutafutia. Njia nilipata, Mungu anisamehe.

Nilipanda moto, nikaenda Kitshanga kwa Papa Bisengimana, papa ya Mahoro, juu karamu ilikuwa kwao na neno ya mwisho ilikuwa yake. Akanikaribisha vizuri, akanipa maziwa, akangojea nimalize kikombe.

"Mama Victorine," akasema, "nasikia kwenu kuna mama mwenye anataka kuja na buti na shapo. Niko na bageni ya kutoka mbali. Batanicheka. Maziwa itoke mu mukono ya mwingine."

Ningemujibu nini? Ningesema, "Papa, inamupendeza"? Nani anakubali ile? Hapa kwetu ukisema kitu inakupendeza, banakuona kama mutoto. Ukisema kitu inakuuma, banakupa kiti. Basi nikamupa ya kuuma. Nikamuambia ile koti ilikuwa ya papa ya Byukusenge. Nikamuambia tulikuwa tunakimbia vita, mvua inanyesha, na mu njia ule papa akavua koti, akamufunika binti yake, akamuambia, "Usiivue mupaka nirudi," na hakurudi. Maneno ilikuwa inatoka mu kinywa yangu yenyewe. Hata miye machozi ikaanza kunikuja.

Papa Bisengimana akainama. Ule muzee mukubwa, mwenye sauti ya kusimamisha ngombe dume, akalia mbele yangu.

"Na papa yangu," akasema, "tulimuacha mu njia vilevile."

Akajifuta na mukono. "Aje na ile koti. Yeye njo atatoa maziwa, na miye mwenyewe nitamuita."

Nilirudi Muheto ku moto nikiimba. Sasa mujue ukweli. Ule papa nilimuua mu njia alikuwa papa mukwe yangu. Alikufa ku kitanda yake, muzee sana, tumbo imeshiba, akigombana na bibi yake juu ya chumvi. Na koti hakukuwa nayo hata moja. Alikuwa anajifunika blanketi.

Byukusenge nilimuambia tu kama Papa Bisengimana alikubali. "Ni muntu muzuri," akasema. "Nilijua."

Siku ikafika. Tukaenda Kitshanga ku moto kumi na mbili, siye bote zahabu, tumejifunika maplastiki juu ya vumbi. Tukafika ku mulango ya sali, ile nyumba ya karamu, tukatosha maplastiki, na nikasimama kama muti. Upande wa bwana-arusi: zahabu. Mushanana ile ile, bega ile ile, kitambaa ile ile mupaka ku paji. Komite yao ilishaona foto yetu, ao siye tulishaona yao, sijui. Bakatuma kwa ule ule mama wa Goma, na yeye akakodishia pande mbili, akanyamaza.

Jamani! Kijana wa protokole alikuwa anaita, "Familia ya bibi-arusi kushoto! Familia ya bwana-arusi kuume!" na bamama balikuwa banaingia kama ngombe za zizi mbili zenye zilichanganyika. Claudette alikalishwa katikati ya dada za Papa Bisengimana, akakula kule chakula ya mbele. Miye mama mumoja alinikumbatia, akaniita shemeji, akaniambia siri za kwao zenye mupaka leo naziogopa. Ile sheria yangu ya kusema nani ni familia, ilikufia ku mulango.

Mu sali nzima muntu mumoja tu njo ulijua anatoka wapi. Koti ya kijivu, shapo imelala ku jicho, kitambaa nyekundu ku shingo, buti zinaangaza, icyansi mu mikono. Bageni ya upande wetu yenye balichelewa balikuwa banasimama ku mulango banauliza, "Kwa familia ya Uwamwezi ni wapi?" na ule kijana wa protokole, jasho inamutoka, alikuwa anajibu, "Mufuate ule mama wa koti."

Ikafika saa ya maziwa. Papa Bisengimana akasimama, akakamata mikro. Nilifikiri atamuita tu. Kumbe yeye aliikamata ile kisa yangu, akaitosha yote mbele ya bantu. Vita. Mvua. Papa anavua koti. "Usiivue mupaka nirudi." Bamama bakaanza kupenga, kushoto na kuume.

"Hii munaiona si nguo," muzee akasema. "Ni kaburi ya papa yake."

Nikamuangalia Byukusenge. Alikuwa amesimama mbele ya Uwamwezi na Mahoro, icyansi mu mikono mbili. Zile dakika mbili zake zilikuwa zimefika. Bote balikuwa banamuheshimu, hata bale balikuwa banamucheka asubuhi. Ilikuwa tu kuinua icyansi. Nikaomba mu roho: nyamaza, wifi. Nywesha mutoto. Tutagombana nyumbani.

Akamupa Mahoro icyansi amushikie. Akaomba mikro.

"Papa Bisengimana, asanti," akasema. "Lakini papa yangu hakukuwa na koti. Alikuwa anajifunika blanketi, na alikufa ku kitanda yake. Hii koti nilinunua miye mwenyewe, hapa hapa Kitshanga, mu nguo za kutoka Bulaya zenye bantu balishavaa. Niliiona imetundikwa, nikaipenda. Nikaenda nyumbani, siku ya pili nikarudi kuangalia kama ingali pale. Hakuna muntu alikufa ndani."

Muntu mumoja akacheka, akanyamaza haraka.

"Vita ilinichukulia mambo mingi," akasema, na sauti ikaanza kupanda. "Ilinichukulia ngombe. Ilinichukulia nyumba mara mbili. Ilinichukulia bantu yenye sitabataja leo, juu leo ni furaha ya mutoto yangu. Lakini hii koti haikutoka ku vita! Hii nilijipa miye. Municheke, munitoshe inje, sawa. Musiichukue tu mukaitia mu vita. Naivaa juu inanipendeza."

Papa Bisengimana alikuwa angali amesimama. Uso yake ilibadilika, haya kwanza, kisha kasirani.

"Nililia," akasema. "Nililia mbele ya muntu, mu nyumba yangu. Ule mama mwenye alinidanganya ako wapi?"

Sasa munisikilize hapa. Ningejificha. Bamama ya zahabu sali nzima, kitambaa mupaka ku paji, na macho ya ule muzee haioni tena muzuri. Nani angenijua? Alikuwa anageuza kichwa, kushoto, kuume, ananitafuta, anapita juu yangu anaendelea. Mode yangu ilikuwa inanificha vizuri kabisa. Na pale njo nilisikia haya yenye sijasikia tangu nizaliwe, juu yule mwenye nilikuwa namuita haya ya familia alikuwa amesimama katikati ya sali peke yake, na miye perezida nilikuwa nimejikunja nyuma ya bega ya muntu mwenye simujui. Njia ya muongo iko fupi. Yangu ilikuwa imeisha. Nikavua ile kitambaa ya kichwa, nikasimama.

"Ni miye, Papa. Victorine. Wifi yangu hakujua kitu."

Akaniangalia murefu. Hakunitukana, na ingekuwa afazali anitukane.

"Basi koti haina sababu," akasema polepole. "Na kama haina sababu, ni zarau. Maziwa itolewe na mwingine. Mama mwenye alivaa nguo ya karamu."

Kijana wa protokole akamufikia Mahoro, akanyoosha mikono kuchukua icyansi, na huku anageuza kichwa kutafuta mama wa kuipatia. Bamama ya zahabu bakaangaliana. Hakuna hata mumoja alisimama. Claudette, mwenye alitaka hii kazi tangu mwanzo, aliangalia mu sahani yake kama nyama inamusemesha. Na Byukusenge hakusogea. Mikono chini, mikro ingali mu moja. Nikataka kulia, nikataka kumupiga ule muzee, nikataka kujipiga miye mwenyewe.

Uwamwezi alikuwa amekaa, kichwa chini, vile bibi-arusi anapashwa kukaa. Kwetu bibi-arusi hasemaki mu ndoa yake. Akainua kichwa.

"Mama mukubwa," akasema, "niko na kiu."

Hakupaza sauti. Lakini mikro ilikuwa karibu, na sali yote ikasikia.

Mahoro, Mungu amubariki ule kijana, alimupita protokole, akairudisha icyansi mu mikono ya Byukusenge, akapiga magoti pembeni ya bibi yake. Hakumuangalia hata papa yake. Byukusenge akamunywesha Uwamwezi. Maziwa kidogo ikamushuka ku kidevu, akamufuta na mukono ya koti, vile alimufutaka tangu akiwa mutoto. Kisha akamunywesha Mahoro. Nikapiga kigelegele peke yangu, kichwa wazi, sauti ya kupasuka. Mama mwingine akafuata, na mwingine, sijui ni ya upande gani.

Papa Bisengimana alirudi ku kiti yake, akakula mupaka mwisho. Kisha nikamuona anakuja ku kiti ya Byukusenge, na nikasogea karibu, nimejitayarisha kwa vita ingine. Muzee akaangalia chini.

"Hizi buti," akasema. "Unazipakaa nini?"

"Siagi ya ngombe, Papa."

"Mingi?"

"Kidogo. Kisha unasugua na kitambaa kavu."

Akatikisa kichwa, akaenda. Zake siku hizi zinaangaza, nasikia.

Zahabu tulirudisha Goma. Kisha foto zikakuja mu telefone ya Claudette, na nikamuomba aniazime nimuonyeshe Byukusenge ile kubwa, yenye tulipiga mbele ya kuingia mu sali, familia zote mbili ku mulango, jua ya Kitshanga inatupiga. Alikuwa anakamua. Akafuta mikono ku koti. Alijiona mara moja, pale katikati, na akatabasamu kama musichana. Kisha akaniuliza, bila ubaya yoyote:

"Na weye, Victorine, uko wapi?"

Nikatafuta. Nikahesabu kutoka kushoto, nikahesabu kutoka kuume, nikakuza foto na vidole. Nilijiona mara tatu, na mara tatu ilikuwa mama mwingine.

Ndoa ya mutoto yangu Shekinah iko mu mwezi wa kumi na mbili. Komite ilishanitumia foto ya nguo ya mwaka huu, na nilishabajibu. Nitavaa robe yangu ya kijani ya maua makubwa, yenye mikono mipana, ile bantu banasema ilipitwa na wakati. Sasa bananiuliza ilikuwa ya nani, na nani alikufa. Hakuna muntu alikufa.